Stering inayojirekebisha kwenye pikapu kubwa: ulipie zaidi au uachane nayo? Mwongozo kamili kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Jamaa yangu mmoja wa Chunya alinipigia simu usiku, anataka kuagiza pikapu ya Kimarekani ya kuvutia tela la mabomba na jenereta, amepata Ford F-250 mbili za mwaka mmoja, injini ileile ya dizeli ya lita 6.7, kilomita zinakaribiana, ila moja muuzaji kaipandisha bei eti ina Adaptive Steering, hiyo stering inayojirekebisha. Akaniuliza, "kaka hii kitu ina maana au napigwa?" Nikamwambia nipe siku mbili, maana jibu la haraka kwenye mambo haya ndo linaloozesha magari ya watu uwanjani.

Mimi navuta tela. Viazi kutoka Isyonje, parachichi kutoka Rungwe, mbao kutoka Mafinga ikitokea, na nimewahi kupewa F-350 yenye hiyo stering niiendeshe kwenye kazi ya mradi wiki kadhaa. Kwa hiyo nitakayosema hapa nimeyashika kwa mikono yangu, na msimamo wangu nauweka mezani mapema: ni kitu kizuri kwa mtu anayezungusha usukani sana akiwa mwendo wa kobe, kwa wengine ni pambo, na usiichague gari kwa sababu ya hiyo kitu peke yake. Sasa we uko upande gani, hilo ndo la kulipima, twende taratibu.

Kwanza, jua unanunua nini

Kwenye gari ya kawaida uhusiano wa usukani na tairi haubadiliki. Kiasi unachozungusha ndo kiasi tairi zinakata, uwe umebanwa Mwanjelwa au unateremka Inyala na themanini kwenye spidi. Chukulia mfano wa mahesabu tu, sio namba ya kiwandani: uwiano wa 20 kwa 1 maana yake usukani ukienda digrii 20 tairi inakata digrii 1. Pikapu nzito wanaiwekea uwiano mkubwa makusudi ili isiwe kali barabarani, ukipiga chafya isihame njia, na gharama yake ni kwamba uwanjani unazungusha mikono kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

Ford walipotoa Super Duty mpya ya 2017 (ndo ukoo wa hizi F-250 na F-350), ile ya bodi ya alumini, wakaweka hii stering kama kitu cha kuongezea kwenye matoleo ya juu. Kuna kimota cha umeme na gia zake ndani ya usukani wenyewe, walikitengeneza pamoja na Takata, haohao wa eabegi. Ukienda polepole kimota kinaongeza mzunguko juu ya ule wa mikono yako, yani we unazungusha kidogo shafti inaenda zaidi. Ukikimbia kinafanya kinyume, kinapunguza, kwahiyo mkono ukitikisika kidogo gari haishtuki. Mabadiliko yanafuata spidi muda wote, hakuna swichi ya kubonyeza wala kishindo. Sio uchawi mpya pia, BMW walikuwa na kitu cha namna hiyo toka 2003 kwenye Series 5, na Lexus LX 570 inayo ya kwake inaitwa VGRS, kwahiyo fundi akikuambia hajawahi kusikia gari lenye stering ya hivyo muulize kama amewahi kushika hizo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapopotea. Chini ya hicho kimota kila kitu ni kilekile cha zamani. Pampu ya haidroliki ipo, stering boksi ipo, rodi na boljointi zipo. Na kona ya gari, yani nafasi inayohitaji kugeuka, haipungui hata sentimita moja. Hili lisome tena. Gari inakata mpaka pale tairi zinapogonga stopa zake, na urefu wa gari ni uleule, F-250 ya kebini mbili yenye bodi fupi ina kama mita 4.06 kati ya ekseli na ekseli wakati Land Cruiser 79 ya kebini mbili ina 3.18. Kama geti lako F-250 ya kawaida haiingii kwa mkupuo mmoja, yenye adaptivu nayo haitaingia, itakachofanya ni kukufikisha kwenye kushindwa haraka zaidi.

Pia usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Wauzaji wanachanganya vitu vitatu. Kuna stering ambayo wepesi wake unabadilika kulingana na spidi lakini mizunguko ni ileile, hiyo magari mengi sana yanayo siku hizi. Kuna tairi za nyuma kukata, kama GMC Sierra za 2002 mpaka 2005 zilizokuwa na Quadrasteer, hiyo ndo inafupisha kona kweli. Na kuna hii tunayoiongelea, inabadilisha mizunguko. Muulize muuzaji swali moja: "ikiwa imesimama na ikiwa themanini, idadi ya mizunguko inabadilika?" Akianza kukueleza habari za wepesi, ujue hajui anachouza.

Hakikisha ipo kweli kwenye hiyo gari

Omba namba ya chasisi kabla ya kutuma hata senti, halafu tafuta karatasi ya kiwandani ya hiyo gari inayoorodhesha vitu ilivyotoka navyo, iwe imeandikwa Adaptive Steering wazi kabisa. Picha ya usukani wenye vitufe vingi sio ushahidi. Mimi nimeshaona tangazo limeandikwa inayo, kuja kuangalia namba, hakuna, na muuzaji akasema "aa labda ni ile nyingine". Labda.

Na kama gari haina, sahau habari ya kuifunga baadaye. Ni usukani mwingine, kontroli boksi, nyaya, na programu ya kuifanya gari ikubali hicho kitu, mtu akikuambia atakufungia kwa wikiendi moja mwombe akufungie na yai kwenye kuku.

Hesabu siku yako, usikadirie

Hii ndo hatua yenyewe. Watu wanakadiria na wanakadiria vibaya, mtu anakuambia "mi nazungusha stering sana" kumbe siku nzima yuko lami iliyonyooka kutoka Makambako mpaka Igawa.

Nilifanya hivi. Nilimpa utingo wangu maharage mabichi mkononi, mfuko wa kulia wa koti umejaa, wa kushoto mtupu. Kila nikizungusha usukani mzunguko mzima, mkono ukapita juu ya mwenzake, anahamisha harage moja. Akacheka mwanzoni lakini ikifika mchana alikuwa anahesabu kwa umakini kuliko mimi. Siku hiyo tulipakia Isyonje asubuhi ukungu haujaisha, njia ya shamba nyembamba, tela la ekseli mbili, ikabidi nirudi rivasi kwenye lile tope mpaka kwenye rundo la magunia, mbele nyuma mbele nyuma, "kata kulia, kata kulia, haya rudisha, rudisha we!", kisha Uyole stoo, geti baya, kisha Mafiati kushusha gunia kumi na tano. Jioni mfuko wa kushoto ulikuwa na maharage zaidi ya mia na sitini. Na ukiangalia yalitoka wapi, karibu yote ni sehemu tatu tu: shambani, stoo na sokoni. Barabara kuu nzima kutoka Isyonje mpaka Uyole alihamisha mawili, na moja ni la kukwepa ng'ombe.

Fanya hivyohivyo siku mbili za kazi za kawaida, sio siku ya harusi. Halafu jisome. Ukiwa na mizunguko mingi na imejaa kwenye kurudi rivasi na tela au kugeuza kwenye uwanja finyu, adaptivu itakupunguzia kazi ya mabega kweli, utaisikia siku ya kwanza. Kama mfuko wa kushoto una maharage ishirini, hiyo hela kanunue tairi.

Mabega nasema kwa sababu kuna watu wa rika langu wameshaanza kuumwa bega la kulia, na daktari hawezi kukuandikia stering. Hilo nalo lina thamani yake, usiliweke pembeni kwa sababu halina risiti.

Linganisha na barabara zetu, sio za Texas

Hii kitu ina faida mbili, ya polepole na ya mwendo kasi. Ya mwendo kasi Mmarekani anaisikia akiwa na tela nyuma kwenye barabara pana ya njia nne, mia na kitu saa nzima bila kukanyaga breki. Wewe na mimi tuko TANZAM. Sheria yetu gari inayozidi uzito wa kilo 3,500 mwisho ni 80, na kwenye makazi ya watu ni 50, na F-250 uzito wake wa jumla unaoruhusiwa uko kama tani nne na nusu, kwahiyo wewe ni wa 80 na trafiki anajua. Ukijumlisha vijiji kutoka Uyole mpaka Igurusi na matuta yake, faida ya mwendo kasi utaionja vipande vipande. Sisemi haipo. Kwenye uwanda ule wa Igawa upepo wa pembeni ukikupiga na tela tupu, ule utulivu wa usukani unausikia, mkono hauna kazi ya kusahihisha kila sekunde. Ila usilipie sana kwa ajili hiyo.

Kitonga je? Watu wengi wananiuliza Kitonga kama vile ndo mtihani wa kila kitu. Kupanda unakuwa nyuma ya semi, mwendo wa mtu anayetembea, kona zake ndefu zimefunguka, hukati usukani sana kihivyo. Kushuka kinachokuokoa ni gia, breki ya ekzosti na kuacha nafasi, stering ya aina yoyote haikushiki kama breki zimeungua. Kwahiyo Kitonga kwangu haiongezi wala haipunguzi kwenye uamuzi huu.

Ukitaka mahali ambapo utaipenda kweli, panda Chimala kwenda Matamba, zile kona hamsini na saba. Pale na pikapu ndefu ya stering ya kawaida unamaliza kona moja bado hujanyoosha mikono nyingine imefika, unazungusha kushoto mpaka mwisho, unarudisha, unazungusha kulia mpaka mwisho. Kwenye ile F-350 ya mradi nilikuwa napita kona mikono haijaachia usukani, na dereva mwenzangu kwenye gari ya nyuma isiyo na hiyo kitu alifika juu anapuliza viganja. Ila angalia, kona zile zilizobana sana bado nilitanua vilevile kama yeye, kwa sababu ile niliyokwambia, gari ndefu ni ndefu.

Njia ya kwenda Makete kwa Kitulo, barabara za ndani Rungwe kwenye mashamba ya chai na parachichi, njia za mbao Mufindi, hizo zote ziko upande wa faida. Mtu wa Tunduma mpaka Makambako kwenye lami na kurudi, hauko upande huo.

Pima afya ya stering yenyewe kabla hujapima adaptivu

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pesa zinapopotelea. Mtu ana pikapu ya zamani inamsumbua, nzito, inahamahama barabarani, anaona dawa ni kununua gari yenye stering ya kisasa. Yangu ya kwanza ilinifanyia hivyo. Kila nikikata stering polepole inakuwa nzito ghafla kama kuna mtu kashika upande wa pili, nikakimbilia stering boksi, fundi mmoja akaifungua, akabadilisha sili, hela ikaenda, ugonjwa uko palepale. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, akafungua boneti akabonyeza mkanda wa pampu kwa kidole gumba, ukabonyea kama ubao wa kitanda. Mkanda umelegea. Dakika kumi na tano.

Sasa sikiliza kwa nini hii inahusu adaptivu. Stering inayokata haraka inadai oili zaidi kwa wakati mmoja, kwa sababu tairi zinahama umbali uleule kwa muda mfupi. Pampu iliyochoka ambayo kwenye gari ya kawaida ungeivumilia, kwenye hii itakuumbua, utazungusha usukani uwanjani injini ikiwa sailensa na utausikia unagoma katikati. Kwahiyo ukiikuta hali hiyo kwenye gari unayoipima usikimbilie kusema "kimota cha adaptivu kimekufa", anza na mkanda, oili, povu kwenye oili, kisha pampu.

Chini nako. Gari ikiwa imesimama tairi chini, injini inawaka, mtu mmoja anatikisa usukani kushoto kulia kidogo kidogo bila kukata, wewe uko chini na tochi unaangalia na kushika kila kiungo. Kiungo ambacho upande mmoja unatembea kabla ya upande mwingine, hicho kina plei. Angalia tairodi endi, dragi linki, boljointi, bushi za rodi inayoshikilia ekseli isihame pembeni, na ile shokamzoba ndogo ya stering kama inavuja. Super Duty za fobaifo zina ekseli nzima mbele, na ekseli nzima ikishakuwa na plei gari inaweza kuanza kutikisika mbele ukipiga shimo mpaka unashindwa kushika usukani. Adaptivu haitibu hiyo. Haitibu alaimenti, haitibu tairi zilizoliwa upande, haitibu upepo usiolingana, na tela lililopakiwa uzito wote nyuma litakuyumbisha hata uwe na stering ya ndege.

Ijaribu kwa mpangilio huu

Ukifika kwa gari, au ukiwa umemtuma mtu wako bandarini, asiwashe akaondoka tu kwa furaha. Gari iwe imepoa. Washa, soma dashibodi, hakuna ujumbe wa stering unaobaki pale. Unaweza kusikia mlio mdogo wa klik kwenye usukani ukiwasha au ukizima, hiyo ni loki ya huo mfumo, sio ugonjwa, watu wameshafungua usukani bure kwa ajili ya hiyo klik.

Kisha ukiwa umesimama kwenye udongo mlaini au kokoto, sio lami kavu maana unaonea viungo na tairi, kata mpaka mwisho kushoto, halafu hesabu mizunguko mpaka mwisho kulia, weka kipande cha utepe juu ya usukani ili usidanganyike. Kama unaweza kupata gari ya aina ileile isiyo na hiyo kitu hesabu na yenyewe, tofauti utaiona waziwazi. Zungusha kwa mwendo wa kawaida na kwa haraka kidogo, usikilize kama inagoma.

Baada ya hapo uwanja mpana, kilomita kumi kwa saa, piga nane kubwa mara kadhaa. Halafu barabara iliyonyooka, sitini mpaka themanini, usukani ukae katikati gari ikiwa imenyooka. Usukani umeinama huku gari inaenda sawa? Inaweza kuwa alaimenti ya kawaida, inaweza kuwa betri ilitolewa na mfumo haujajipanga, na inaweza kuwa mfumo umejizima. Maana hii ni habari njema na mbaya kwa pamoja: ikipata hitilafu inajifunga na stering inabaki ya kawaida yenye uwiano mmoja, hupotezi stering, unaendesha mpaka nyumbani. Ubaya wake ni kwamba muuzaji anaweza kukuuzia iliyojizima na wewe hujui, unaendesha unaona tu "mbona kawaida".

Ndo maana mashine ya kusoma hitilafu ni lazima. Sio zile ndogo zinazosoma injini peke yake, hapana, inayoingia kwenye moduli zote za Ford. Kuna programu inaitwa FORScan, inakaa kwenye kompyuta au simu, unahitaji adapta ya kuchomeka chini ya dashibodi, na ni kwa ajili ya Ford. Soma kodi zote za hitilafu kabla ya kuzifuta, piga picha, endesha nusu saa, soma tena. Muuzaji akisema "nimeshafuta zote iko safi", mwambie asante, na endesha hiyo nusu saa mara mbili.

Piga hesabu ya siku ikifa

Sitakutajia bei ya kile kimota kwa sababu inategemea unachukua kipya au cha kung'oa, kinatoka wapi na shilingi ya siku hiyo. Ila njia ya kuhesabu ni hii. Kabla ya kununua gari, piga kwa watu wawili wanaoagiza spea kutoka nje, wape namba ya chasisi, waambie usukani wenye kimota na moduli yake, bei mpaka Mbeya na siku ngapi. Andika. Halafu jiulize siku hizo ukisubiri utakuwa unafanya kazi au umelala? Kwa vile stering inabaki inafanya kazi kwa uwiano wa kawaida, kwa wengi jibu ni utafanya kazi, na hapo hasara ni ile bei tu na sio tripu. Hii ndo sababu siiogopi hii kitu kama ninavyoogopa mifumo mingine ya umeme kwenye gari za kisasa.

Kinachoniogopesha ni mikono. Kimota kiko ndani ya usukani, na ndani ya usukani kuna eabegi. Fundi wako wa kila siku, hata kama ni ndugu yako, asifungue usukani huo kwa bisibisi na imani. Betri itolewe, isubiriwe muda unaoelekezwa kwenye kitabu cha gari, na afanye mtu aliyewahi. Na zile usukani za mapambo za kijana wa mapambo, za ngozi nyekundu, kwenye hii gari sahau, ukitoa usukani umetoa mfumo wote.

Sasa weka upande mmoja ile tofauti ya bei anayotaka muuzaji, upande mwingine orodhesha vitu ambavyo hela hiyohiyo ingefanya: tairi nne za mzigo, tairodi endi zote na boljointi, alaimenti nzuri, kamera ya nyuma ya tela, breki za tela zikakaguliwa. Kama gari unayochukua hivyo vyote vinadai, adaptivu isubiri. Kama gari zote mbili ni nzima na maharage yako ni mengi, lipia, ila lipia kidogo. Mimi kwenye gari ya mtumba nisingeongeza hela ya kunifanya nijadiliane na mke wangu. Wenzetu wanaichukua ikiwa mpya kiwandani ndani ya kifurushi, wewe unaichukua ikiwa imeshatumika miaka, thamani yake imeshuka kama redio tu. Na usisahau gharama kubwa iko TRA, ingia kwenye kikokotoo chao cha magari yaliyotumika mtandaoni upate makadirio ya kodi kabla hujaanza kubishana na muuzaji.

Yule wa Chunya nilimwambia ahesabu. Akapata maharage mengi, ana mashimo matatu anayozungukia kwenye njia za porini na kila siku anarudisha tela kwenye kona, nikamwambia mpe muuzaji nusu ya alichoongeza, akikataa chukua ile nyingine. Muuzaji alikubali siku ileile, ambayo inakuonyesha ile bei ilikuwa ya nini.

Mwisho kabisa, dereva

Kama unaendesha mwenyewe, siku mbili tatu mikono inazoea. Mtihani ni pale una deiwaka, au dereva anashuka kwenye Canter asubuhi anapanda hii mchana, na juu ya hilo stering iko kushoto. Mikono yake inakumbuka mizunguko ya Canter. Kwenye rivasi na tela ndo mbaya zaidi, maana kosa dogo la usukani linakuwa kosa kubwa la tela, atakata kiasi alichozoea na tela litajikunja kabla hajajua kimetokea nini. Mpe nusu siku uwanjani bila tela, kisha nusu siku na tela tupu, mkono mmoja chini ya usukani, mkono huo uende upande unaotaka tela iende, kidogo, subiri, kidogo tena. Na mwambie wazi kwamba akitoka kwenye kona akakanyaga mafuta, usukani utabadilika ukali wake kadiri spidi inavyopanda, asishtuke.

Deiwaka wa yule jamaa hakupewa hiyo nusu siku. Asubuhi ya kwanza, geti la kambi, gari haina hata tela, alikata kama anakata Canter na kona ya bampa ikachukua nguzo ya mti iliyokuwa pale toka kambi inaanza. Nguzo wamesimika mpya, wameisogeza mita moja nje.